Uvimbe Tuliouita Nyuki

Lushoto,
Jumatano, 16 Juni 1954.

Kwa kaka yangu Nathanaeli, Kwamkoro.

Shikamoo kaka. Naandika nikiamini kwamba wewe, shemeji na wale wanne wadogo mnaamka vizuri, na kwamba kile kikohozi ulichokipata kwenye ukungu wa mashamba ya chai kimekuacha. Sisi huku tunaendelea. Mama hajambo ila magoti yanamsumbua, na kila anayeingia kwake lazima asikie habari za magoti hayo kabla ya kuonyeshwa kiti. Baridi ya mwaka huu ni kali. Kule Kwai majani yanaamka meupe, na ng'ombe wa mama amepunguza maziwa.

Marta naye hajambo. Nimetaka uyaone maneno hayo mapema, maana watu wa chai hamkosi habari, na huenda umeshaambiwa kwamba amekufa au amekatwa mkono. Hajafa, na mkono anao. Jana alikula ugali na maharage, akalalamika kwamba maharage ya hospitali hayana chumvi, na aliyeyapika ni mke wangu. Basi kaa chini usome taratibu. Nina mengi ya kusema na si yote yatakufurahisha.

Alhamisi iliyopita asubuhi binti yako alikwenda kukata majani ya ng'ombe kule bondeni, chini ya shamba la mama. Unaijua ile njia ilivyo ikinyesha. Aliteleza na mzigo kichwani, akaangukia mawe ya kijito, mkono wa kushoto ukavunjika chini ya kiwiko na mfupa ukatokeza nje ya ngozi. Akajiuma na mdomo. Majirani walifunga blanketi kwenye miti miwili wakapata machela, wakambeba kwa zamu watu sita mpaka hapa. Mama alifuata nyuma kwa magoti yake hayo hayo, pamoja na Mama Tobia, shangazi yake Timotheo, yule mwalimu wa Vuga aliyemchumbia Marta. Mama Tobia alikuwa amekuja kwa mama kuzungumza mambo ya harusi, akajikuta anatembea nyuma ya machela.

Najua uliyoyasema siku ya msiba wa mdogo wetu Kristofa, kwamba mtoto wako hataingia katika hospitali hii hata akiwa anatoka damu. Waliombeba waliyakumbuka maneno hayo njiani, na mmoja akashauri wageuze wampeleke kwa yule mzee anayeunga mifupa. Mama aliwaambia waliokuja kubeba wabebe, na waliokuja kushauri warudi nyumbani. Ukitaka kugomba, gombana na mama. Lakini karatasi ya ruhusa nimetia sahihi mimi, kwa kuwa ni baba yake mdogo na wewe hukuwapo.

Walifika mchana nikiwa nachemsha sindano. Bibi Daktari, huyu mama wa Kizungu aliyekuja mwaka jana kuchukua nafasi ya daktari wa zamani, aliutazama mkono, akasema usafishwe na mfupa urudishwe siku ile ile. Ukiachwa mpaka kesho utaingia uchafu, na baada ya uchafu ni kukata, na wakati mwingine kukata hakutoshi. Akaniambia niandae etha.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu hasa ni nini hapa, nikakujibu kwa mzaha kwamba nalaza watu. Si mzaha. Mwaka wa nane sasa mimi ndiye ninayetoa dawa ya usingizi. Etha tunaitoa kwa kikombe cha waya chenye kitambaa. Unakikandamiza puani na mdomoni, unadondosha dawa tone kwa tone, mgonjwa anapigana nawe kidogo, kisha analala. Akishalala unamshika taya na kulivuta mbele ili ulimi usimzibe pumzi, na mara nyingine unamwingiza kipande cha mrija mdomoni. Kwa watu wote ni kazi ya kawaida.

Nilikuwa nimeshashika chupa ya etha Bibi Daktari aliponyanyua taa na kuutazama mdomo wa Marta. Pale alipojiuma palikuwa padogo, jeraha la punje ya mahindi, lakini mdomo wa juu ulikuwa umefura wote mpaka chini ya pua. Akauliza hiki ni nini. Mama alijibu kabla sijafungua mdomo. Akasema ni nyuki.

Kaka, wewe unayajua haya, lakini acha niyaandike, maana katika nyumba yetu hayajawahi kuandikwa wala kutajwa. Babu alikuwa anavimba. Akijikwaa, akichomwa na mwiba, akikasirika, au bila sababu yoyote, mdomo au jicho au mkono unafura siku mbili tatu kisha unarudi. Baba alikuwa hivyo. Wewe huvimba tumbo, ukagaagaa siku nzima, shemeji akadhani umelishwa kitu. Mimi ni mikono. Kristofa alikuwa uso. Babu alikufa siku ile alipogongwa shingoni na mpini wa jembe, koo likajifunga. Na kwa kuwa watu wakija kuposa wanapeleleza ukoo una ugonjwa gani, baba akatundika mizinga mitatu nyuma ya nyumba, akatufundisha jibu. Mtu akivimba anafungiwa ndani, na akiulizwa, ameumwa na nyuki. Mizinga miwili haikuwahi kuingiwa na nyuki hata mmoja, na hatukuwahi kula asali. Mama mwenyewe aliolewa akiambiwa habari za nyuki, akaja kuujua ukweli ana mimba yako. Baada ya hapo naye akawa anajibu hivyo hivyo.

Ndiyo maana alijibu. Mtoto amebebwa na watu sita, ametoka kuanguka kwenye mawe mwezi wa Juni, nyuki wote wamejikunyata kwa baridi, na mama yetu anasema nyuki. Bibi Daktari akanigeukia mimi. Kiswahili chake ni cha darasani lakini hakuna linalompita. Mama Tobia alikuwa amesimama mlangoni, kanga yake imelowa tope.

Nikamwambia Bibi Daktari kwamba si nyuki. Nikamweleza babu, baba, wewe na mimi, kwa Kiswahili, Mama Tobia akisikia kila neno. Mama alinishika mkono nyuma ya mgongo akaniminya kwa kucha, kama alivyokuwa akituminya kanisani. Sikunyamaza. Nilipomaliza aliketi chini sakafuni na hakunitazama tena mpaka jioni.

Bibi Daktari hakushangaa. Alisema ugonjwa huo unajulikana hata kwao Ulaya, unakwenda na damu ya ukoo, wala si uchawi wala laana, na wenye ugonjwa huo wengi hufa kwa koo kujifunga. Etha akaiweka kando. Akasema kumkandamiza mtoto huyu kikombe usoni, kumvuta taya, kumtia mrija mdomoni, yote hayo ni kuuita uvimbe uje kooni. Akafungua kabati lake akatoa dawa nyingine, unga wa manjano kwenye kichupa cha kioo, unaochanganywa na maji yaliyosafishwa na kuchomwa kwenye mshipa wa mkono. Mtu analala bila kuguswa uso.

Lakini hakunificha. Dawa ile humlaza mtu haraka, na ikizidi kidogo tu humsahaulisha kupumua. Na koo likijifunga wakati mgonjwa amelala, hawezi kutuambia. Alisema hajapata kumlaza mtu mwenye ugonjwa huu, amesoma tu, na hakuna dawa anayoijua ya kuurudisha uvimbe ukishafika kooni. Kilichobaki ni kisu. Akaweka kwenye sinia kisu kidogo na mrija wa fedha wa kupitishia pumzi shingoni, akavifunika kwa kitambaa safi. Kisha akaniuliza kama mikono yangu itaweza kumchoma mtoto wa ndugu yangu au amtafute mtu mwingine. Nikasema itaweza. Mtu mwingine hakuwapo, naye alijua.

Hatukuanza papo hapo. Alitaka kwanza kuona uvimbe unakwenda wapi, akaniagiza nimzungumzishe Marta, maana koo likianza kuvimba sauti ndiyo inayobadilika kwanza. Basi saa mbili nzima binti yako alilazimishwa kusema. Alitaja majina ya wanafunzi wenzake wa zamani, akaimba nyimbo mbili za kanisa, akanisimulia ng'ombe wa mama alivyomla kuku, jambo ambalo siamini. Maumivu yalikuwa makali, na mara mbili aliniomba nimwache anyamaze. Sikumwacha. Sauti ilibaki ile ile, na mdomo ukasimama pale ulipokuwa.

Saa tisa tukamwingiza. Nilipata mshipa mara ya kwanza, Mungu ashukuriwe. Nikasukuma dawa kidogo, nikasimama, nikasukuma tena. Marta akasema mdomoni kuna ladha ya kitunguu saumu, na kwamba hajala kitunguu saumu. Nikamwambia ahesabu. Akahesabu kwa Kishambaa na hakufika sita. Bibi Daktari akaosha jeraha, akavuta mkono, mfupa ukarudi ndani kwa mlio nisioupenda, akashona. Mimi macho yangu yalikuwa kifuani kwa mtoto. Tulimwekea mto chini ya mabega na kumlaza kichwa upande ili apumue kwa pumzi yake mwenyewe, bila mtu kumgusa shingo wala taya. Nilimwongeza dawa mara nne. Mara ya tatu niliharakisha, kifua kikasimama. Bibi Daktari akaacha kushona, akaweka mkono juu ya kile kitambaa, akaniambia nisiguse kitu na nihesabu. Nilifika kumi na nne kifua kikapanda. Kaka, niliogopa sana, sitakudanganya.

Siku mbili tulimlinda kwa zamu, mimi, Bibi Daktari na muuguzi mmoja. Mkono ulifura mpaka begani, ukawa mnene kuliko paja langu, tukalegeza vifungo mara tatu. Uvimbe wa mdomo haukuongezeka wala haukwenda kooni. Jumapili mkono ulianza kunywea. Sasa vidole vyote vitano vinacheza, anakunja na kukunjua akiambiwa, na asipoambiwa pia.

Sasa habari za Vuga. Mama Tobia hakurudi Vuga Alhamisi ile. Alilala kwetu, akamsaidia mke wangu kuchota maji, hakutaja harusi. Nikajua imekwisha, na mama akajua hivyo hivyo, maana alianza kuzungumza na magoti yake kwa sauti. Jumapili baada ya ibada Mama Tobia akatuita mimi na mama nje. Nilijiandaa kurudisha vitu vya posa walivyotoa. Akasema kwamba yeye hakusikia jambo jipya siku ile. Vuga wanajua tangu enzi za babu. Alisema kule watu wana mzaha wao, kwamba nyuki wa nyumba yetu huuma hata wakati wa baridi, hawaachi mwiba, na humfuata mwenyewe mpaka chumbani. Timotheo alijua kabla hajatuma mtu wa kuposa. Alichokuwa anauliza ni kimoja tu, kama tutamwambia kabla ya harusi au baada ya harusi.

Timotheo mwenyewe alikuja Jumatatu. Alikaa na Marta, kisha akaomba kuonana na Bibi Daktari, akamuuliza habari za watoto watakaozaliwa. Alijibiwa bila kuzungushwa kwamba katika watoto wawili mmoja anaweza kuurithi. Akashukuru, akasema anakwenda kufikiri na atarudi Jumamosi. Sijui atarudi na neno gani. Nilimpenda kwa kuuliza. Marta yeye ameomba aletewe kitana.

Nimezunguka vya kutosha, kaka. Nina jambo la Kristofa.

Wewe unajua, na Kwai wote wanajua, kwamba Kristofa aliuawa na daktari wa zamani kwa kuzidishiwa etha alipokuja kung'olewa jino. Ndivyo nilivyokwambia msibani. Uliandika barua kwa mkuu wa misheni kumshitaki yule daktari, ukanitumia kwanza niitazame, nami nikakusahihishia Kiswahili chake na kuipeleka kwa mkono wangu. Yule mzee hakujitetea. Alisema dawa yoyote inayotolewa katika chumba chake ni mzigo wake. Aliondolewa, akaenda zake na jina baya.

Hakuzidisha kitu. Kabla ya kuanza aliuona uso wa Kristofa, akaona uvimbe umepita mahali pa jino, umefika jicho la upande wa pili. Alisimama akaniuliza mimi, kwa kuwa mimi ni ndugu na ni mtu wa dawa, kama mgonjwa huyu au jamaa zake wamewahi kuvimba hivi. Nikasema hapana. Nikasema asubuhi ile aliumwa na nyuki. Sikufikiri, kaka. Jibu lilitoka lenyewe kama mtu anavyoitika naam. Kisha mimi mwenyewe nikamkandamiza kikombe, nikamvuta taya, nikamtia chuma cha kutanulia mdomo, na jino likatoka vizuri. Daktari akaona yote ni salama, akapanda gari kwenda kumwona mama mmoja aliyeshindwa kujifungua kijijini. Saa nne baadaye ulimi wa Kristofa ulijaa mdomo. Kisu kilikuwapo na mrija ulikuwapo, lakini mwenye kujua kuvitumia alikuwa njiani, kwa sababu mimi nilimwambia hakuna cha kuogopa. Nilimshika mikono mpaka mwisho. Aliyemuua mdogo wetu ni mimi. Na nilimuua nikificha jambo ambalo Vuga nzima walikuwa wanalijua na kulifanyia mzaha.

Juzi jioni nilimwambia mama. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu, kama Kristofa alisikia nilipomjibu daktari.

Alisikia. Alikuwa macho, amelala pale pale mezani. Aligeuza kichwa akanitazama, na mimi nikamtazama. Alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na sita, na koo ni lake. Angeweza kusema. Lakini mkubwa wake alikuwa ameshasema mbele ya wageni, na mdogo hamsahihishi mkubwa wake mbele ya wageni. Akageuza kichwa, akanyamaza, akanyoosha shingo ili nimwekee kikombe.

Leo hii nimemwandikia mkuu wa misheni barua ya pili, safari hii kwa jina langu, na nimemweleza kama nilivyokueleza wewe. Nimeomba aitume nakala kwa yule daktari popote alipo. Bibi Daktari ameisoma. Hajui kama nitaachwa kazini, wala mimi sijui.

Kwako nina ombi moja na halihusu msamaha. Wachukue wale wanne wadogo uwapeleke kwa daktari wa karibu na huko. Mweleze waziwazi wanatoka nyumba ya namna gani, aandike, kisha akusomee alichoandika. Usingoje wavimbe. Na uwaambie watoto wenyewe kwamba wakiona mimi, au wewe, au mkubwa yeyote anawasemea uongo juu ya miili yao, wamkatize hapo hapo, hata kama wamefundishwa vingine. Hilo ni juu yako kuwaambia, maana wewe ndiye mkubwa wetu.

Msalimie sana shemeji, umwambie kitambaa alichomtumia mama kimefika na kimempendeza. Watoto uwabusu mmoja mmoja. Marta anakusalimu, anauliza unakuja lini, na hajui habari za Kristofa. Nimekuachia wewe uamue atazijua kwa mdomo wa nani. Mama anakusalimu. Mke wangu anakusalimu. Mimi pia nakusalimu kaka, kama bado salamu yangu unaipokea.

Mdogo wako,
Sefania